Jinsi ya kufundisha New Deal kwa vipindi vinne: vizibo, pamba na dhahabu ya Geita

Mada ya New Deal, yaani mipango ya Rais Franklin Roosevelt wa Marekani ya kukabili mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, huwaangusha wanafunzi wengi wa Historia kwa sababu majina ya programu zake hufundishwa kama orodha ya herufi. CCC, FERA, AAA, NRA, TVA, WPA, SEC. Mwanafunzi anazikariri usiku, asubuhi anaandika kwamba WPA ilisimamia benki na TVA ilipanda miti. Tatizo si kumbukumbu yake. Kila programu ilizaliwa kwa sababu kuna kitu fulani kilikuwa kimeharibika, na asiyejua kilichoharibika hana pa kuitundika programu hiyo. Hapa tunaanza na kilichoharibika. Jina linakuja baadaye.

Mpango huu ni wa mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 40 hadi 60 na vipindi vinne vya dakika 40. Mifano imechukuliwa Mwanza na jirani zake, maana mtoto wa Kwimba au Magu anajua bei ya pamba ikianguka nyumbani kunakuwaje, na hilo ni nusu ya somo.

Vifaa ni vichache. Tafuta vizibo 200 vya soda. Duka la jumla au baa watakuwekea ukiwaomba siku mbili kabla. Kata karatasi ndogo 40 za kuwakilisha magunia ya pamba. Uwe na manila mbili na kalamu nzito, na kama ni msimu wa ununuzi, pata konzi chache za pamba mbegu za kupitisha mkononi kwa mkononi. Usitumie peremende badala ya vizibo. Zinaliwa kabla benki haijafilisika.

Kipindi cha kwanza: benki

Usianze na Roosevelt. Anza na benki iliyo hai.

Ita wanafunzi 10 wawe wateja, mmoja awe mwenye benki, wawili wawe wakopaji. Kila mteja apewe vizibo 10 na aviweke benki. Sasa benki ina 100. Mwenye benki amkopeshe kila mkopaji vizibo 40; mmoja ananunua hisa, mwingine ananunua shamba, na wote wawili wanapeleka vizibo hivyo nyuma ya darasa. Mezani vimebaki 20. Hapo simama uliulize darasa: benki imeiba? Wengi watasema ndiyo. Waache wabishane dakika mbili, kisha waoneshe kwamba 80 zile zipo, ila hazipo mkononi.

Halafu mnong'oneze mteja mmoja kwamba benki ya mtaa wa pili imefunga milango. Foleni inajipanga yenyewe. Wa kwanza anachukua 10, wa pili 10, wa tatu anakuta meza tupu. Simamisha mchezo papo hapo. Ukiuachia uendelee, darasa linageuka soko na dakika zinaisha.

Wakati mwingine mchezo unagoma: wateja wanacheka tu, hakuna anayekimbilia dirishani. Sababu ni kwamba hawana cha kupoteza. Tangaza mapema kwamba atakayeshika vizibo vyake 10 mwisho wa mchezo ndiye atakayetangulia kutoka kwenda mapumziko. Utaona mbio.

Sasa ndipo uandike tarehe ubaoni, na uziandike kwa mfuatano, kwa sababu maana yote imo kwenye mfuatano huo:

4 Machi 1933, Roosevelt anaapishwa. Majimbo mengi yameshafunga benki au kuwawekea watu kikomo cha kutoa fedha.
6 Machi, anaagiza benki zote nchini zifungwe.
9 Machi, Bunge linapitisha sheria ya dharura ya benki siku hiyohiyo ilipowasilishwa.
12 Machi, Jumapili usiku, anazungumza redioni kwa lugha ya kawaida, anaeleza benki inafanyaje kazi na kwa nini zilifungwa.
13 Machi, benki zilizokaguliwa na kuonekana nzima zinaanza kufunguliwa.

Ndani ya wiki mbili, zaidi ya nusu ya fedha zilizokuwa zimefichwa majumbani zilikuwa zimerudi benki. Rudia mchezo kuonesha jinsi ilivyotokea. Mkaguzi wa serikali anafungua daftari, anatangaza kwamba mikopo ile miwili ni mizuri, na Benki Kuu inaweka vizibo 30 mezani kwa mkopo. Mteja wa tatu anapewa 10 zake. Akishazishika, mwulize kama bado anazitaka. Kwa kawaida anazirudisha mwenyewe.

Kosa kubwa la mitihani liko hapa. Wanafunzi huandika kwamba watu walirudisha fedha Machi 1933 kwa sababu ya bima ya amana. Bima ilikuwa bado. Iliwekwa kwenye sheria ya Juni 1933, ikaanza kufanya kazi 1 Januari 1934, kwa kikomo cha dola 2,500 kwa mwenye amana, na Roosevelt mwenyewe mwanzoni hakuipenda. Kilichowarudisha watu Machi ni ukaguzi na imani. Bima ndiyo iliyozuia ugonjwa usirudi. Kwa lugha ya mtihani, Machi ni nafuu ya dharura na Juni ni marekebisho. Mwanafunzi anayeona tofauti hiyo ameshaelewa mada nzima kwa kiasi kikubwa. Waambie pia kwamba Tanzania nayo ina Bodi ya Bima ya Amana, ili wasidhani ni jambo la kigeni.

Kipindi cha pili: watu wasio na kazi

Mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Andika sehemu hiyo ubaoni, kisha ligawe darasa hivyohivyo: kila wa nne asimame. Waache wamesimama dakika tano nzima huku ukiendelea kufundisha.

Kwenye manila chora jedwali lenye maswali manne juu: nani analipa, nani anapokea, anafanya kazi au hafanyi, programu iliisha lini. Programu nne za ajira na misaada zinatosha.

FERA ilianza Mei 1933 na dola milioni 500 za kuyapa majimbo yasaidie wahitaji. Msimamizi wake, Harry Hopkins, anasifika kwa kuidhinisha zaidi ya dola milioni 5 katika saa zake mbili za kwanza kazini. Wanafunzi hukumbuka hilo kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo lianze. CWA ilikuwa ya majira ya baridi tu, Novemba 1933 hadi Machi 1934, na ilifikia kuajiri watu kama milioni 4. CCC iliwachukua vijana wa kiume wasiooa kutoka familia zilizokuwa zikipokea misaada, ikawaweka makambini kupanda miti, kuzuia mmomonyoko na kujenga hifadhi. WPA ilianza 1935 ikaisha 1943, ikapitiwa na watu wapatao milioni 8.5 waliojenga barabara, shule, madaraja na viwanja vya ndege.

Kaa zaidi kwenye CCC, maana hesabu yake inafundisha. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi na 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwao. Waulize: kwa nini serikali haikumwachia zote? Majibu ya darasani huwa ni kwamba vijana wangelewa. Lipo hilo, lakini wasukume mbele. Dola 25 zikifika nyumbani zinanunua unga, zinalipa deni la dukani, mwenye duka anaagiza mzigo mwingine, kiwandani anaitwa mtu wa kuutengeneza. Fedha moja imepita mikono minne. Hilo ndilo wanalotakiwa kuandika wanapoulizwa msaada ulifufuaje uchumi, badala ya sentensi ile ya kila mwaka kwamba iliwasaidia watu kupata mahitaji yao.

Mwanza kuna mfano wa karibu: ajira za muda za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ambako kaya hulipwa kwa kuchimba mtaro, kupanda miti au kutengeneza barabara ya mtaa. Tumia mfano huo kwa maswali yale manne ya jedwali. Ila usiulize ni nani darasani kwao wanapokea. Jibu litakuja kwa kicheko, na kuna mtoto hatazungumza tena kipindi kizima. Uliza kuhusu mtaro wenyewe: uko wapi, unazuia nini, mvua ikinyesha maji kutoka mlimani yanakwenda wapi.

Mstari wa mwisho kwenye manila uwe wa waliotengwa. Makambi ya CCC yalibagua weusi na weupe. WPA kwa kawaida iliajiri mtu mmoja kwa kaya, na hilo liliwaacha wanawake wengi nje.

Kipindi cha tatu: pamba

Hiki ndicho kipindi cha Mwanza. Kama huna muda wa kutosha, punguza kingine chochote lakini hiki kiache.

Tatizo lenyewe: mwaka 1929 pauni moja ya pamba Marekani iliuzwa karibu senti 17; mwaka 1932 ilikuwa imeshuka hadi senti 6 na nusu hivi. Mkulima anapoona bei inashuka hujaribu kufidia kwa kulima zaidi. Wote wakilima zaidi, bei inashuka zaidi. Sheria ya AAA ya 12 Mei 1933 ilikuja kukata mzunguko huo kwa kumlipa mkulima apunguze.

Wakulima wanne, kila mmoja ana magunia 10. Mnunuzi mmoja, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ana vizibo 120 na anataka kununua yote 40. Bei ni vizibo 3 kwa gunia. Kila mkulima anapata 30.

Raundi ya pili, kila mkulima anararua karatasi 4. Yamebaki magunia 24. Hapa walimu wengi hukosea kwa kumwacha mnunuzi na vizibo vilevile 120. Bei inakuwa 5, kila mkulima anapata 30 ileile, na darasa linauliza kwa haki kabisa: tumeharibu pamba tukapata nini? Sahihisha kabla halijakutokea. Kiwanda hakiwezi kusimama kwa kukosa malighafi, kwa hiyo mnunuzi huongeza fedha pale pamba inapoadimika. Mpe vizibo 144. Bei sasa ni 6, kila mkulima anapata 36. Kisha mtoze mnunuzi huyohuyo vizibo 16 vya kodi na umpe kila mkulima 4, kimoja kwa kila gunia aliloacha. Jumla 40. Kodi kwa anayesindika ndiyo hasa iliyolipia mpango huo, na ndiyo iliyouponza mahakamani baadaye.

Sasa historia yenyewe. Sheria ilipopita Mei, pamba ilikuwa imeshaota. Serikali ikawalipa wakulima waing'oe: ekari kama milioni 10, karibu robo ya zao, kwa malipo ya dola 7 hadi 20 kwa ekari. Nguruwe wapatao milioni 6, wengi wao watoto, walichinjwa mwaka huohuo, wakati mijini watu wanapanga foleni ya mkate. Usiwapitishe wanafunzi haraka hapo. Wakikasirika, waache. Sehemu ya nyama iligawiwa wenye njaa, lakini picha ya chakula kikiharibiwa iliiumiza serikali, na mwanafunzi anayetathmini New Deal lazima aiguse. Bei ya pamba ilipanda hadi karibu senti 10 mwaka huohuo.

Kisha mgeukie mkulima wa nne. Mwambie ana wapangaji wawili wanaolima shamba lake kwa kugawana mavuno. Vizibo 4 vya serikali vimekuja kwa jina lake. Atawagawia? Na ekari zimepungua, anawahitaji wote wawili? Mara nyingi mchezaji anamfukuza mmoja bila kuambiwa. Ndivyo ilivyokuwa kusini mwa Marekani: mikataba ilipitia kwa wenye ardhi, usimamizi ulikuwa mikononi mwao, na maelfu ya wapangaji, weusi kwa weupe, walipoteza mashamba. Mwaka 1934 huko Arkansas baadhi yao waliunda chama cha wapangaji cha rangi zote. Darasa la Usukuma linahitaji maelezo ya ziada hapa, kwa sababu kilimo cha pamba kwetu kimekuwa cha familia kwenye shamba lake yenyewe. Bila kueleza upangaji ule, hawataona kwa nini fedha ya serikali ilimfukuza maskini shambani.

Baada ya hapo vuka bahari. Wakati Marekani inamlipa mkulima asilime, Tanganyika ilifanyaje? Serikali ya kikoloni ilipunguza watumishi na matumizi, ikaendelea kudai kodi, na kuanzia 1931 ikaendesha kampeni ya kuwahimiza Waafrika walime mazao mengi zaidi. Bei imeanguka, mkulima anaambiwa azidishe. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikuwa imekamilika 1928, mwaka mmoja tu kabla ya anguko la uchumi la 1929, kwa hiyo njia ya kusafirishia pamba hiyo ilikuwepo. Hakukuwa na ruzuku wala bima. Nguvu ya wakulima kupanga mambo yao wenyewe ilikuja miaka ya 1950, kwa vyama vya ushirika ambavyo Paul Bomani aliviongoza hadi kuunda muungano wa vyama wa Victoria mwaka 1955. Mwanafunzi anayeandika kwamba New Deal ilisaidia makoloni mwulize: kupitia programu gani?

Njia moja ipo, na wengi hawaijui. Januari 1934 Marekani ilipandisha bei rasmi ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa wakia. Shabaha ilikuwa kupandisha bei za bidhaa Marekani, si kumsaidia mtu wa Afrika. Lakini dhahabu ni dhahabu popote, na katika miaka hiyohiyo ya 1930 uchimbaji mkubwa ulianza Geita. Pamba imeanguka, dhahabu imepanda, na vyote viko ng'ambo hii na ile ya Ghuba ya Mwanza. Mpe mwanafunzi ramani aone.

Kipindi cha nne: marekebisho, mahakama na takwimu

Marekebisho yapitie kwa kasi, kwa sababu kanuni ya kuanza na kilichoharibika inafanya kazi tena. Soko la hisa lilijaa taarifa za uongo, ikaja sheria ya 1933 ya kuzitaka kampuni zieleze ukweli na SEC mwaka 1934 ya kuzisimamia. Wafanyakazi walifukuzwa kwa kujiunga na vyama, ikaja Sheria ya Wagner ya Julai 1935. Wazee hawakuwa na kipato, ikaja Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 14 Agosti 1935, iliyowaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Bonde la Tennessee lilikuwa na mafuriko na giza, ikaja TVA Mei 1933 na mabwawa yake.

Tahadhari moja: Marekani ilianzisha REA mwaka 1935 kukopesha vyama vya ushirika vijenge nyaya za umeme, wakati shamba moja tu kati ya kumi hivi lilikuwa na umeme. Tanzania nasi tuna REA, Wakala wa Nishati Vijijini, iliyoanza kazi 2007. Ni taasisi mbili zisizohusiana, na usipolisema utasahihisha insha inayodai Roosevelt aliweka nguzo Misungwi.

Mahakama Kuu ya Marekani ipewe dakika kumi. 27 Mei 1935 ilibatilisha mpango wa NRA wa kupanga bei, mishahara na ushindani viwandani, kwa kesi ya wauza kuku wa Brooklyn, majaji wote tisa wakiwa kauli moja. 6 Januari 1936 ikabatilisha AAA kwa sababu ya kodi ile ya wasindikaji. Mkumbushe mnunuzi wako na vizibo vyake 16. Roosevelt akataka mwaka 1937 kuongeza hadi majaji sita wapya, akashindwa. Hata hivyo majaji walianza mwaka huo kuzikubali sheria zake, ikiwemo ya Wagner na ya Hifadhi ya Jamii.

Mwisho takwimu, mahali ambapo insha nyingi hulegea. Ukosefu wa ajira ulishuka kutoka karibu asilimia 25 mwaka 1933 hadi karibu 14 mwaka 1937, ukapanda tena hadi karibu 19 mwaka 1938. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1937 serikali ilidhani uchumi umepona, ikapunguza matumizi, na mwaka huohuo makato ya Hifadhi ya Jamii yakaanza kutoka kwenye mishahara, huku masharti ya fedha kwa benki yakikazwa. Waoneshe pia kwamba hesabu hizo ziliwaweka watu wa WPA kwenye kundi la wasio na kazi. Anayewahesabu kama waajiriwa anapata picha nzuri zaidi ya New Deal, na ndiyo maana wanahistoria wawili wanaweza kubishana wote wakiwa na takwimu sahihi. Ajira zilijaa kweli pale vita vilipoleta oda za silaha.

Kwa insha ya nyumbani toa swali hili: "New Deal ilifanikiwa kwa nani?" Sahihisha kwa alama 20. Alama 6 kwa kuunganisha kila programu na kilichoharibika; programu iliyotajwa bila tatizo lake ipewe sifuri hata kama jina na mwaka ni sahihi. Alama 4 kwa tarehe na mfuatano. Alama 4 kwa waliotengwa, angalau makundi mawili. Alama 6 kwa tathmini, na hapo tafuta vitu viwili: mwaka 1937 na ukweli kwamba Hoover, rais aliyemtangulia Roosevelt, naye aliwahi kukopesha benki kupitia RFC, shirika la serikali la mikopo, tangu 1932. Anayedai Hoover alikaa tu bila kufanya lolote akatwe alama 2, na pembeni umwandikie RFC aende kuisoma.